Nîmes, mji ambao mawe yake hayajawahi kukaa bure

Mwaka 1758 msomi mmoja wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, alisimamisha jukwaa mbele ya hekalu la Kirumi lililo katikati ya mji wake, akapanda mpaka juu ya vichwa vya nguzo. Jina lake Jean-François Séguier. Alikuwa mjuzi wa mimea na wa maandishi ya kale, na alikuwa amerudi nyumbani miaka michache tu baada ya kuishi muda mrefu Verona, Italia. Huko juu, kwenye jiwe refu lililobebwa na nguzo za mbele, zamani paliandikwa kwa herufi za shaba. Herufi zenyewe zilikuwa zimeng'olewa karne nyingi nyuma, na hakuna mtu mjini aliyekumbuka zilisema nini. Yalibaki matundu ya misumari peke yake.

Séguier akaanza kuyanakili, moja baada ya jingine, kila tundu mahali pake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuitekeleza: herufi ya shaba haishikiki ukutani kwa msumari mmoja, na kila herufi, kwa umbo lake, inataka misumari mahali fulani. Anayejua maumbo ya herufi za Kirumi anaweza kutoka kwenye matundu akairudia herufi, na kutoka kwenye herufi akalirudia neno. Mwisho wa kazi hiyo majina mawili yakajitokeza, Gaius na Lucius, wajukuu wa Kaisari Augusto aliowafanya wanawe ili wamrithi. Hawakumrithi. Lucius alifia Marseille mwaka wa 2 baada ya Kristo, akiwa na miaka 18, safarini kwenda Hispania. Gaius akamfuata miaka miwili baadaye, mashariki. Hekalu la vijana hao wawili limesimama hadi leo.

Jengo hilo linaitwa Maison Carrée. Urefu wake ni mita 26 na ushei, upana mita 13 na nusu. Lina nguzo 30 za mtindo wa Korintho: 10 zimesimama huru barazani, 20 zimezama nusu ndani ya kuta. Wasafiri wamelisifu vizazi na vizazi. Thomas Jefferson, kabla hajawa rais wa Marekani, alilitumia kama kielelezo cha bunge la jimbo la Virginia, na alipofika Nîmes mwaka 1787 alilitazama saa nyingi bila kuchoka. Mimi nadhani sifa zimelisaidia jengo hili kwa miaka mia mbili au tatu hivi ya karibuni. Kwa ile mingine yote iliyotangulia, lililolisaidia ni kwamba lilikuwa na paa, lilikuwa na mlango, na kila karne ilipata la kulifanyia.

Hesabu mwenyewe. Dini ya makaisari ilipokwisha, jengo likageuka mahali pa watawala wa mji kukutania. Kisha likawa makazi ya watu. Kisha bwana mmoja akalifanya zizi la farasi, na ili apate nafasi zaidi akajenga kuta katikati ya nguzo za barazani. Mwaka 1670 likaingia mikononi mwa watawa wa Kiaugustino, wakalifanya kanisa. Mapinduzi ya Ufaransa yakawatoa watawa, zikaingia ofisi za serikali na kumbukumbu za mkoa. Mwaka 1823 likawa jumba la makumbusho. Hakuna hata mmoja wa wapangaji hao aliyelitunza kwa sababu ya Gaius na Lucius; wengine walilichokora na kulitoboa bila huruma. Lakini paa likivuja liliwavujia wao, kwa hiyo waliliziba.

Ukiutembea mji wa Nîmes ukiwa na wazo hilo kichwani, unaanza kuona jambo lile lile kila kona. Kila kilichosimama leo kiliwahi kuwa na kazi baada ya Warumi kuondoka. Kilichokosa kazi kilibomolewa, mawe yakaenda kujenga nyumba za watu.

Mji ulianza na chemchemi. Chini ya kilima kiitwacho Mont Cavalier maji yanabubujika kutoka kwenye miamba ya chokaa, na kabila la Wagauli waliokaa hapo, Volcae Arecomici, waliiamini chemchemi hiyo kuwa makao ya mungu wao, Nemausus. Warumi walipoiteka nchi waliijenga Via Domitia, barabara ya kutoka Italia kwenda Hispania, na barabara hiyo ikapita hapo hapo. Augusto akaufanya mji kuwa koloni lenye heshima, akaupa na ukuta wa kama kilomita sita. Sadaka hiyo ya ukuta iliandikwa juu ya lango linaloitwa leo Porte Auguste, mwaka wa 16 au 15 kabla ya Kristo. Lango lenyewe bado lipo: njia mbili pana za magari ya kukokotwa, na mbili nyembamba pembeni za waendao kwa miguu. Limesalia kwa sababu ngome ya mfalme ililimeza, kisha nyumba ya watawa, mpaka likafichuliwa mwishoni mwa karne ya 18. Sehemu kubwa ya ukuta uliobaki haikumezwa na kitu. Iliondoka jiwe kwa jiwe.

Enzi hizo hizo mji uligonga sarafu yake ya shaba. Upande mmoja Augusto na jemadari wake Agrippa wamepeana migongo; upande wa pili mamba amefungwa mnyororo kwenye mti wa mtende. Mamba huyo ni Misri, iliyotekwa baada ya Marcus Antonius na Cleopatra kushindwa katika vita vya baharini vya Actium, mwaka wa 31 kabla ya Kristo. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba askari waliopigana Misri ndio waliopewa mashamba Nîmes. Wanahistoria wa leo hawana hakika nalo. Wakazi hawajali. Mwaka 1535 Mfalme François wa Kwanza aliwaruhusu kumfanya mamba na mtende kuwa nembo yao, na tangu hapo hawajamwachia. Yuko kwenye vifungo vya shaba vilivyopigiliwa kwenye lami na mawe ya barabarani, yuko kwenye chemchemi za uwanjani, na katika ngazi za jumba la manispaa wananing'inia darini mamba wanne halisi waliokaushwa. Nembo inayotumika sasa ilichorwa upya na msanifu Philippe Starck katika miaka ya 1980.

Juu ya Mont Cavalier umesimama mnara, Tour Magne, uliokuwa sehemu ya ukuta wa Augusto na mrefu kupita minara mingine yote. Leo unafika mita 32, na kilele chake kimekwisha kumeguka. Ndani ni tupu kama shimo, na utupu huo una mwenyewe. Warumi waliujenga kwa kuuzungushia mnara mwingine wa kale zaidi, wa Wagauli. Mwaka 1601 mtunza bustani mmoja aliyeitwa François Traucat, mtu aliyetajirika kwa kuotesha miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri, aliamini kuna hazina chini ya mnara. Akaomba ruhusa kwa Mfalme Henri wa Nne, naye mfalme akakubali kwa sharti la kupata fungu lake. Traucat akachimba, akachimba, akaumaliza mnara wa ndani wote. Dhahabu haikuonekana. Ganda la nje likabaki limesimama, likatumika kuangalizia maadui, na katika karne ya 19 likawekewa mitambo ya kupeleka habari kwa ishara za mikono ya mbao, kutoka kilima hadi kilima, kabla ya simu ya waya.

Chemchemi ya Nemausus haikutosha mji uliokuwa ukikua. Katikati ya karne ya 1 Warumi wakaamua kuleta maji kutoka chemchemi nyingine iliyoko karibu na mji wa Uzès. Kwa mwendo wa ndege ni kama kilomita 20. Mfereji waliouchimba una kilomita 50, kwa sababu ilibidi uzunguke vilima na kufuata ardhi. Sasa hapa msomaji apunguze mwendo. Kati ya chemchemi ya Uzès na Nîmes, tofauti ya kimo ni mita 12 na nusu hivi. Mita 12 na nusu zigawanywe kwa kilomita 50: maji yalishuka kwa wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita moja. Wapimaji waliolipanga hilo hawakuwa na darubini za kupimia. Walikuwa na mbao ndefu zenye mfereji mdogo wa maji juu yake, timazi, kamba na macho. Wangekosea kidogo kwenye usawa, maji yangesimama njiani au yangerudi yalikotoka. Hayakurudi. Kwa makadirio ya wataalamu, mfereji ulipokuwa mpya ulimwaga mjini lita milioni 30 hadi 40 kwa siku, na tone lililotoka Uzès lilichukua zaidi ya siku nzima kufika.

Palipo na bonde la mto Gardon palihitajika daraja, na ndilo daraja lililolipa eneo zima umaarufu: Pont du Gard. Lina ngazi tatu za matao, sita chini, 11 katikati, na juu kabisa matao madogo 35 yaliyosalia kati ya 47, yakiwa yamebeba mfereji. Kimo chake ni karibu mita 49. Hakuna daraja jingine la maji la Kirumi lililosimama hadi leo linalolifikia. Mawe yalichongwa kwenye machimbo ya jirani, kando ya mto, mengine yakiwa na uzito wa tani sita, na ngazi mbili za chini zilipangwa bila chokaa hata kidogo. Kila jiwe limeshikwa na mwenzake na uzito ulio juu yake. Ukisimama chini na kuinua uso utaona mawe yaliyochomoza nje kama vigingi. Hayo yalishikilia jukwaa la mbao la waashi, na waashi walipomaliza hawakuyakata. Kwenye mawe mengine bado zinasomeka alama zao, namba na vifupisho vya Kilatini vya kuonyesha jiwe hili ni la tao gani, upande gani, nafasi ya ngapi.

Maji ya Uzès yana chokaa nyingi. Mwaka baada ya mwaka ukoko mgumu ulijenga kwenye kuta za mfereji, na Warumi walipokuwa na nguvu walitunza kazi yao. Dola ilipoyumba, mikono ya kukwangua ikapungua. Mahali pengine ukoko ulifikia unene wa karibu nusu mita kila upande, mfereji ukabaki upenyo. Kufikia karne ya 6 hivi maji yalikuwa yamekoma. Basi wenyeji wa mashambani wakaufanya mfereji machimbo yao. Walichukua mawe, na ukoko wenyewe waliukata vipande, wakajengea nyumba na makanisa. Kwa hiyo wapo watu waliosali ndani ya kuta zilizotengenezwa na maji yaliyokuwa yakienda kwenye mabafu ya Nîmes.

Kwa nini basi Pont du Gard halikuchukuliwa pia? Jibu liko kwenye ngazi ya pili. Katika Zama za Kati watu waligundua kwamba ukichonga kidogo nguzo za matao ya katikati, unapata njia ya kuvukia mto. Wakazichonga. Waliolimiliki wakatoza ushuru, na anayekusanya ushuru darajani hataki daraja lianguke. Wakati wa vita vya dini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, katika miaka ya 1620, nguzo hizo zilichongwa zaidi ili mizinga ipite, mpaka daraja lote likawa hatarini. Mwanzoni mwa karne ya 18 wakuu wa jimbo la Languedoc wakalitengeneza, na kati ya 1743 na 1747 mhandisi Henri Pitot akaunganisha daraja la barabara ubavuni mwake, matao kwa matao, ili mzigo uliondoke lile la kale. Nimesoma wasanifu wanaolalamika kwamba daraja la Pitot linaziba sura ya upande mmoja. Mimi nasema lingekosekana daraja la Pitot na ile njia ya ushuru iliyolitangulia, tungekuwa leo tunaonyeshwa vishina vya nguzo mtoni.

Huku mjini, maji yalifikia kwenye kisima cha mviringo chenye upana wa karibu mita sita, kilichochongwa kwenye mwamba. Ukutani kina matundu 10 makubwa, yalipotokea mabomba ya risasi kwenda mitaani, kwenye mabafu na kwenye nyumba za wakubwa. Kisima hicho, Castellum, kilikuwa kimefukiwa na kusahauliwa hadi kilipofukuliwa mwaka 1844, chini ya ngome ambayo Mfalme Louis wa 14 aliijenga ili aweze kuuelekezea mji mizinga yake. Sababu za mfalme kuuogopa mji wake mwenyewe nitazifikia.

Kwanza twende kwenye uwanja wa michezo, Arènes, maana hapo ndipo kisa chote cha Nîmes kimekaa wazi. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 1. Umbo lake ni la yai, mita 133 kwa 101, na una matao 60 chini na 60 juu. Walikaa watu kama 24,000 kwenye ngazi za mawe, wakubwa karibu na uwanja, watumwa na maskini juu kabisa. Njia za kuingilia na kutokea zimepangwa kwa namna ambayo umati wote ungeweza kumwagika nje kwa dakika chache. Pembeni mwa ukingo wa juu kuna mawe 120 yaliyotobolewa. Humo yalisimikwa maboriti ya kushikilia turubai la kuwakinga watazamaji na jua. Na juu ya mlango mkuu vimechongwa vichwa viwili vya fahali.

Michezo ya kumwaga damu ilipokoma, uwanja ukawa ngome. Wavisigothi, waliotawala baada ya Warumi, waliziba matao ya chini, wakachimba handaki kuuzunguka. Mwaka 673 mtemi mwasi Paulus alijifungia humo alipofuatwa na mfalme wake, Wamba, na humo humo akakamatwa. Miaka 50 baadaye wakaja Waislamu kutoka Andalusi. Vitabu vya zamani viliwataja kwa mistari michache tu, kama upepo uliopita. Lakini mafundi walipokuwa wakichimba ardhi kwa ajili ya maegesho ya magari, mwaka 2006 na 2007, waakiolojia walikuta ndani ya eneo la ukuta wa Kirumi makaburi yasiyofanana na ya jirani zake. Wanaume watatu walikuwa wamelazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kusini-mashariki, yaani kibla. Vipimo vya mifupa vilionyesha walizikwa kati ya karne ya 7 na ya 9, na vinasaba vilionyesha nasaba ya baba inayopatikana zaidi kwa Waberiberi wa Afrika ya Kaskazini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na ni miongoni mwa makaburi ya Kiislamu ya kale kabisa yaliyowahi kutambuliwa Ufaransa. Wale watatu walizikwa na watu waliojua namna ya kuzika Mwislamu, na walizikwa ndani ya mji, karibu na wafu wengine. Kwangu, makaburi hayo matatu yanasema mengi zaidi juu ya maisha ya karne ya 8 hapo Nîmes kuliko masimulizi yote ya vita. Vita navyo vilikuwapo: mwaka 737 Charles Martel, mtawala wa Wafranki, alifika, akauchoma moto uwanja. Weusi wa moshi ukapita, mawe yakabaki.

Baada ya hapo wakaja mashujaa wapanda farasi, waliojiita wa Arènes, wakajenga majumba yao juu ya ngazi za watazamaji. Wao walipoondoka, zikaingia familia za kawaida. Kidogo kidogo uwanja ukawa mtaa. Watu kama mia saba waliishi humo, na makanisa mawili, na visima, na njia nyembamba, na nguo zikianikwa kutoka tao hadi tao. Watoto walizaliwa ndani ya vyumba vilivyokuwa vichochoro vya kupitia wapiganaji. François wa Kwanza alipotembelea mji mwaka 1533 alichukizwa, akaamuru nyumba zitolewe. Amri ilitoka, nyumba zikabaki. Kazi ya kuubomoa mtaa huo ilianza kwa dhati mwaka 1786 na ikakatizwa na Mapinduzi; ilimalizika mwanzoni mwa karne ya 19. Leo ukiuzunguka uwanja kwa nje na kutazama matao ya juu kwa makini, utakuta sehemu moja ambapo ukuta wa Zama za Kati haukuondolewa: madirisha mawili madogo yenye vichwa vya mviringo yamebaki ndani ya tao kubwa la Kirumi. Ni karibu yote yaliyosalia ya makazi yaliyodumu humo karne nyingi.

Wengi hupita bila kuyaona madirisha yale, na inasikitisha, kwa kuwa bila wale waliokaa nyuma yake pasingekuwa na tao la kutazama. Walitoboa, walipasua, walipachika ngazi. Pia walizuia majirani wasije na mikokoteni kubeba mawe.

Sasa ile hofu ya mfalme. Katika karne ya 16 Nîmes iligeuka kuwa mmoja wa miji mikuu ya Waprotestanti wa Ufaransa. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1567, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, Waprotestanti waliwakamata Wakatoliki mashuhuri wa mji, wakawaua makumi kwa makumi katika ua wa askofu na kuwatupa kisimani. Tukio hilo linaitwa Michelade. Karne iliyofuata mambo yakageuka. Mwaka 1685 Louis wa 14 akaifuta haki ya Waprotestanti kuabudu. Makanisa yao yakabomolewa, maelfu wakakimbilia Geneva, Uholanzi, Uingereza. Waliobaki wakaabudu porini. Hapo ndipo mfalme alipojenga ile ngome ya kilimani, ambayo baadaye ikawa gereza na sasa ni chuo kikuu. Uhuru ulianza kurejea mwaka 1787, na mmoja wa waliouhangaikia sana alikuwa mchungaji wa mji huo, Rabaut Saint-Étienne.

Waliofungiwa milango ya vyeo vya serikali waliingia kwenye biashara. Nîmes ikawa mji wa nguo: soksi za hariri, mitandio, na kitambaa kizito cha msokotano kilichoitwa serge de Nîmes, ambacho kwa maelezo yaliyozoeleka ndicho kilichoipa denimu jina lake, ingawa wanahistoria wa nguo wanaendelea kubishana juu ya njia kilichopitia hadi Marekani.

Viwanda vya nguo vinataka maji, na kiu hiyo ya maji ndiyo iliyorudisha mji kwenye chemchemi yake ya kwanza. Katika miaka ya 1730 manispaa iliamuru chemchemi isafishwe ili itoe maji zaidi kwa wapaka rangi. Wachimbaji wakakutana na sakafu, nguzo na masanamu ya Kirumi. Mwaka 1745 mhandisi wa mfalme, Jacques-Philippe Mareschal, akaanza kujenga juu ya magofu hayo bustani ya umma, Jardins de la Fontaine, yenye mabwawa, ngazi na kuta za mawe zinazofuata mistari ya msingi wa Kirumi. Pembeni mwake lipo jengo lililovunjika paa ambalo watu huliita hekalu la Diana. Halikuwa hekalu, na huenda lilikuwa maktaba. Lilidumu kwa kuwa watawa wa kike walilitumia kama kanisa kwa karne nyingi. Liliharibika walipolikimbia wakati wa vita vya dini.

Maji hayo hayo yana upande mwingine. Vilima vinavyouzunguka mji ni vya mawe makavu, na mabonde yake yasiyo na mto, yanayoitwa cadereaux, hukaa bila tone karibu mwaka mzima. Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 1988 mvua kubwa ilinyesha kwa saa kadhaa bila kupumzika. Mabonde yakajaa kwa mpigo, mafuriko yakaingia mitaani, yakabeba magari na kuyarundika, na watu wakapoteza maisha. Mji ulikuwa umejenga juu ya njia za maji, ukazisahau. Tangu hapo fedha nyingi zimetumika kupanua mifereji na kuchimba mabwawa ya kuzuia maji vilimani.

Mji wa leo unaendelea kubishana juu ya matumizi ya mali yake, na hilo naliona ni dalili ya afya. Mabishano makali ni ya fahali. Tangu karne ya 19 mapigano ya fahali ya mtindo wa Hispania yanafanyika Arènes, na tangu 1952 sikukuu ya Pentekoste hujaza mji kwa siku kadhaa za ngoma, vyakula na fahali. Sheria ya Ufaransa inakataza ukatili kwa wanyama, lakini inaruhusu mchezo huo pale ulipo mila isiyokatika. Mwaka 2022 muswada wa kuupiga marufuku ulifikishwa bungeni Paris, ukaondolewa kabla ya kupigiwa kura. Jirani, katika nyanda za Camargue, upo mchezo mwingine ambapo vijana huchomoa vifundo vya kamba kwenye pembe za ng'ombe na ng'ombe hurudi zizini mzima. Mpemba aliyeukulia mchezo wa ng'ombe, unaosemwa kuwa ni urithi wa Wareno, angeutambua mara moja. Nami, ningeulizwa, ningewaachia watu wa Nîmes huo wa Camargue na kuuondoa ule wa Hispania.

Majengo mapya nayo yamelazimika kujipatia nafasi kati ya wazee. Ng'ambo ya Maison Carrée paliungua ukumbi wa maonyesho mwaka 1952, zikabaki nguzo zake za mbele. Mwaka 1993 likafunguliwa mahali hapo jengo la kioo na chuma la Mwingereza Norman Foster, Carré d'Art, maktaba na makumbusho ya sanaa ya kisasa. Lina ghorofa tisa, na karibu nusu yake ziko chini ya ardhi ili lisilizidi hekalu kimo. Zile nguzo za ukumbi ulioungua hazikutupwa. Zimesimamishwa kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu, nje kidogo ya mji, ambapo madereva huegesha na kunywa kahawa. Mwaka 2018 likafuata Musée de la Romanité, mbele ya Arènes, kazi ya msanifu Elizabeth de Portzamparc, lenye ngozi ya vigae vya kioo inayojikunja kama vazi.

Mwaka huo huo wa 2018 Nîmes iliomba mji wake mzima wa Kirumi uingizwe kwenye Urithi wa Dunia, ombi likakwama. Wakarudi na Maison Carrée peke yake, na Septemba 2023 UNESCO ikakubali. Pont du Gard lilikuwa limekwisha kuingia tangu 1985. Arènes bado haimo kwenye orodha, wala haisubiri. Tangu 2009 mafundi wanaitengeneza tao kwa tao: wanaondoa saruji mbovu iliyopachikwa na mafundi wa karne mbili zilizopita, wanabadilisha mawe yaliyooza, wanatengeneza njia za kuelekeza maji ya mvua yaliyokuwa yakipenya ngazini na kula mawe kutoka ndani. Ni kazi iliyopangiwa zaidi ya miaka 20. Jukwaa la chuma huhamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na huko kwingine matamasha, sikukuu na mikutano inaendelea kama kawaida, watu wakiingia na kutoka kwa milango ile ile aliyoichora Mrumi.